Baiskeli ya mlimani wakati wa masika: mwongozo wa anayejiunga na msafara Usambara

Saa 11 alfajiri, Lushoto. Mvua imelipiga bati la nyumba ya wageni tangu usiku wa manane, na kwenye kundi la simu watu wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: safari ipo? Kiongozi anajibu neno moja tu: "Ipo." Mwongozo huu ni wa yule anayelisoma neno hilo akiwa bado kwenye blanketi, mguu mmoja nje, anajipima.

Mimi huendesha mwisho wa msafara. Kazi hiyo tunaiita mkia: humpiti mtu, humwachi mtu, na kila anayeanguka, anayepata pancha au anayekata tamaa unamkuta wewe. Kwa misimu kadhaa nimetazama makosa ya watu kutokea nyuma, na bado sijamwona aliyeshindwa na mvua. Wanaoshindwa, wanashindwa na udongo. Mvua ni maji, utaloa, utakauka. Udongo ndio unaoamua kama baiskeli itakwenda, kama itasimama ukibana breki, na kama utarudi Lushoto umekaa kwenye siti au umeibeba begani. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inahusu tope.

Hatua ya kwanza: uliza kabla hujalipa

Masika huku ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Waandaaji wengi hukwepa miezi hiyo, lakini sikukuu hazikwepeki, na safari za Pasaka na za mwisho wa mwaka huangukia mvuani. Ukiona tangazo la kipindi hicho, piga simu uulize. Nani mwenye uamuzi wa kuahirisha, na anaamua saa ngapi? Njia ikiharibika mtapita wapi? Mtageuza saa ngapi hata kama hamjafika? Na gari la kubeba waliochoka linafika wapi hasa?

Hilo la gari lishikilie. Barabara ya lami kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto inapitika karibu wakati wote, labda kuta za mlima ziporomoke. Lakini ukishaiacha lami kuelekea Lukozi na Mtae, gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne linaweza kukwama kabla yako, na hapo ninyi ndio mtakaolisukuma. Nimeshalisukuma. Mwandaaji anayejibu "tutaona huko huko" mshukuru, kisha baki nyumbani.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usome usiku wa kuamkia safari, usiutegemee ule wa wiki iliyopita. Kisha ongeza wa mwenyeji. Mama anayeuza chai stendi anajua mto gani ulijaa jana jioni, maana wateja wake wamevuka huko na viatu mkononi.

Hatua ya pili: usome udongo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, hata wale wenye baiskeli za mamilioni.

Udongo mwekundu wa milima hii una tabia tatu, kutegemea umekunywa maji kiasi gani. Mvua inapoanza tu baada ya siku kavu, vumbi la juu linalowa ilhali chini bado ni kugumu. Hapo panateleza kama sabuni ubaoni. Gurudumu la mbele linaondoka bila kukuaga, na unajikuta umelala ubavuni kabla hujajua kosa lilikuwa nini. Mvua ikiendelea saa moja au mbili, kubwa kubwa, tope linakuwa majimaji. Linaruka, linakuchafua hadi masikioni, lakini halishiki, kwa sababu maji yenyewe yanalisafisha tairi linavyozunguka. Hapo panaendesheka vizuri kuliko unavyodhani.

Tabia ya tatu ndiyo ya kuogopa. Mvua inakatika, jua linachungulia, watu wanashangilia na kuvua makoti. Udongo nao unaanza kukauka, na njiani hapo unapita kwenye hali ya ugali unaokaribia kuiva: unavuta. Unashika tairi, tairi linaupeleka kwenye foko, ule uma unaoshika gurudumu, foko inaukusanya, na baada ya mita hamsini gurudumu halizunguki tena. Wenzangu wakishangilia jua, mimi huangalia magurudumu yao.

Jipime kwa kisigino. Shuka, kanyaga, zungusha kidogo, inua mguu. Kiatu kikiteleza na kuacha alama inayong'aa, punguza mwendo na usahau breki ya mbele kwenye kona. Shimo la kisigino likijaa maji, endesha. Udongo ukipanda na kiatu kama kisahani, jiandae kubeba. Nasema kubeba kwa makusudi, kwa sababu ukiisukuma baiskeli kwenye udongo wa aina hiyo bado magurudumu yanaviringisha na yanakusanya tope vile vile.

Siku niliyojifunza hili nilikuwa napanda kijilima cha kawaida, jua limetoka dakika ishirini nyuma. Pedeli ilikuwa nzito, nikadhani ni uchovu, nikasimama juu yake nikakanyaga kwa uzito wangu wote. Nikasikia "ta!" moja tu. Tope na majani vilikuwa vimejazana kwenye kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni. Cheni haikuwa na pa kwenda, ikakivuta kimkono kikang'oka na kuingia kwenye spoki. Spoki tatu zikakatika. Nikatembea kilomita kumi na moja, na kila mtoto niliyempita aliuliza kwa nini sipandi.

Tangu hapo nina sheria moja: pedeli ikiwa nzito ghafla, acha kukanyaga. Shuka, zungusha pedeli kinyumenyume kwa mkono, angalia kimkono cha gia, toa tope kwa kijiti. Kijiti hicho nakifunga kwenye fremu kabla ya kuondoka, maana ukikitafuta kwenye shamba la kabichi hukipati.

Na bonde la chini, kuelekea mbuga za Mkomazi, lina udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo ukilowa hauna mjadala wala mbinu. Mwandaaji akikuambia mtashuka hadi mbugani masika, muulize tena kama anamaanisha.

Hatua ya tatu: baiskeli, usiku wa kabla

Anza na upepo wa matairi. Kiangazi watu wengi hujaza paundi 35 au 40 kwa sababu tairi gumu linakwenda haraka. Kwenye tope tairi gumu linaelea juu badala ya kuuma. Kama unatumia tyubu, shuka hadi paundi 28 au 30. Chini ya hapo ukigonga jiwe tyubu itabanwa na rimu na utapata pancha yenye matundu mawili pacha, kama jino la nyoka. Wasio na tyubu, wale wa maji ya kuziba ndani ya tairi, wanaweza kwenda 22 hadi 25. Watu wazito waongeze kidogo. Pampu ya fundi wa kijiweni mara nyingi haina kipimo, kwa hiyo pima nyumbani, kisha bonyeza kwa kidole gumba ukariri ule ulaini.

Tairi lenyewe liwe na meno marefu yaliyoachana. Meno yaliyosongamana yanajaa tope na kuwa kipara. Na tairi nene sana si baraka hapa. Lenye upana wa inchi 2.1 likiwa na nafasi ya vidole viwili kati yake na fremu linakushinda wewe mwenye 2.4 linalogusana na foko.

Breki. Kama zako ni za raba zinazobana rimu, jua kwamba rimu ikilowa mzunguko wa kwanza au wa pili haushiki kabisa. Raba zinafuta maji kwanza, ndipo zinabana. Zianze mapema. Raba zikishika mchanga zinageuka msasa na kuila rimu yako, hivyo zikague na utoe vichembe vya chuma kwa ncha ya kisu. Kama ni za diski, angalia pedi. Zile laini zilizogandishwa kwa gundi hazina kelele na kiangazi zinadumu, ila tope la mchanga linaweza kuzimaliza kwa siku moja ya mteremko. Zilizochanganywa na vumbi la chuma hupiga kelele lakini hudumu. Hakikisha tu diski yako inaziruhusu. Pedi mpya usizifunge asubuhi ya safari: zinahitaji kubanwa mara ishirini hivi kwenye mteremko mkavu kabla hazijazoea diski, na zikiloa kabla ya hapo zitakufa mapema.

Cheni ioshe, ikaushe, kisha itie oili ya baiskeli ya majira ya mvua, ile nzito. Tone moja kwa kila kiungo, zungusha, subiri, kisha futa ya nje yote kwa kitambaa. Ile oili chafu ya pikipiki anayokupakia fundi bure inaonekana ya maana kwa dakika kumi. Baada ya hapo cheni inakuwa kamba ya mchanga.

Madgadi wengi wanaziona za wazee. Mimi ninayo ya nyuma niliyoikata kwenye dumu la mafuta ya kula la lita 5, nimeifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu. Haipendezi, na haijawahi kunigharimu zaidi ya jioni moja. Acha nafasi kubwa chini yake, vinginevyo inakuwa mtego mwingine wa tope. Mwisho, chukua kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia ufute chini ya fremu na ndani ya foko. Tope litashika kwa shida na kudondoka lenyewe. Mafuta hayo yasikaribie diski wala rimu. Nasema tena: yasikaribie.

Hatua ya nne: nguo

Jinzi na fulana ya pamba viache. Pamba ikiloa inabaki imeloa, inaganda mwilini na kunyonya joto lako. Unahitaji kitu cha sintetiki au cha sufu kinachogusa ngozi, na jaketi jepesi la kuzuia maji juu. Nenda mitumba. Kwenye marundo ya Tanga na Arusha fulana nyembamba za sufu hukaa hazina mnunuzi kwa sababu zinaonekana za ndani ya nguo, na jaketi la nailoni lenye kofia unaweza kulipata kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai. Koti zito la mvua la bodaboda halifai: dereva wa boda amekaa, wewe unapanda mlima, utalowa kwa jasho ndani kuliko kwa mvua nje.

Chini ya helmeti vaa chepeo nyembamba. Ukingo wake unaziba matone yasiingie machoni. Miwani myeupe ni kwa ajili ya tope linalorushwa na wa mbele yako, na ikipata ukungu ivue, usijikaze. Glovu jozi mbili: moja mikononi, moja kavu kwenye mfuko.

Hatua ya tano: mfuko

Tyubu mbili za akiba. Viraka na solusheni pia, ila ujue solusheni haishiki kwenye mpira uliolowa, kwa hiyo viraka ni vya barazani kwa mtu, si vya njiani. Pampu, alenki, kiungo cha akiba cha cheni, kijiti (ulishakifunga), mswaki wa zamani, chupa ndogo ya oili. Fulana kavu na soksi kavu, zimefungwa zisiguswe na maji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kuipata dukani. Mfuko wa mpira unaokunjwa mdomo ndio dawa, au chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana. Simu nayo humo humo, pamoja na namba za watu wako kwenye karatasi.

Chakula: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga, tende, ndizi. Andazi likiloa ni uji. Kunywa maji hata kama husikii kiu. Mvua inamdanganya mtu kwamba ameshakunywa.

Hatua ya sita: kuondoka na watu

Kabla ya kuondoka jina lako liwe kwenye orodha, na mhesabiwe. Idadi hiyo ikariri. Tukiondoka kumi na tisa, kila kituo tunahesabu kumi na tisa, na anayeamua kurudi anamwambia mkia kwa mdomo, si kwa ujumbe wa simu ambao haufiki bondeni.

Njia panda tunatumia utaratibu mmoja unaozuia kupotea: kila anayefika kwenye kona anasubiri mpaka amwone wa nyuma yake na wa nyuma amemwona yeye, ndipo anakwenda. Ukungu wa msitu wa Magamba unaweza kuwameza watu watano katika mita mia. Bila utaratibu huo nimewahi kutafuta kundi zima lililofuata njia ya wakata kuni.

Achaneni. Kwenye ukavu urefu wa baiskeli mbili unatosha. Kwenye tope uwe mara tatu yake, na kwenye mteremko subiri wa mbele amalize kabisa kabla hujaanza. Wanaoanguka juu ya mtu aliyekwisha kuanguka ni wengi kuliko wanaoanguka wenyewe. Ukisimama, toka njiani, upande wa juu wa mlima.

Halafu kuna wenye njia. Vijia hivi si vya baiskeli, ni vya watu kwenda shambani, na mvua haiwazuii. Mara moja tulimkuta bibi amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe, kijia upana wa mkeka, bonde kushoto. Wa mbele alitaka kupita. Nikapiga kelele asimame, tukashuka wote, tukasogea ukingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Na mvua yote hii mnakwenda wapi?"

Tukamwambia. Akatikisa kichwa kadiri mzigo ulivyomruhusu. "Daraja la huko mbao mbili zimekwenda na maji jana. Piteni juu, shuleni." Tulipita juu. Kama tungemrushia tope asingekuwa na sababu ya kutuambia chochote.

Matuta na makinga maji ya mashamba usiyakanyage hata kwa mguu. Mkulima ameyajenga kwa jembe ili udongo wake usishuke bondeni, na mfereji wa tairi moja unatosha kuwapa maji njia. Mkiona magurudumu yenu yanaacha mifereji mirefu nyuma, hamieni barabara ya changarawe, hata kama ramani inasema vingine.

Hatua ya saba: kupanda na kushuka

Kupanda ni kukaa. Ukisimama kwenye pedeli uzito unaondoka kwenye gurudumu la nyuma, nalo linazunguka bure. Kaa, sogea mbele kidogo kwenye siti, viwiko chini, gia nyepesi lakini si ile ya mwisho kabisa, kwa sababu gia nyepesi mno inachimba. Ukiona linaanza kuzunguka bure, shuka kabla hujasimama kabisa. Kusukuma si aibu. Mara nyingi kwenye tope anayesukuma na anayeendesha wanafika pamoja, ila mmoja ana pumzi ya kusalimia.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili. Kabla ya mteremko simama, teremsha siti sentimita nne au tano. Pedeli zote mbili ziwe usawa, magoti na viwiko vimelegea, kidole kimoja au viwili juu ya kila breki. Breki zote zitumie sehemu iliyonyooka, kabla ya kona, kwa kubana na kuachia. Ukishaingia kwenye kona acha gurudumu la mbele lizunguke huru. Nyuma ikiteleza, iache, itafuata. Mbele ikiteleza, achia breki ya mbele papo hapo. Hili linapingana na mwili wako, maana mwili ukiogopa unabana, ndiyo maana inabidi ulifanyie mazoezi kwenye uwanja wa majani kabla hujaja mlimani.

Macho yaangalie unakotaka kwenda. Ukilikodolea jiwe, utaligonga.

Mizizi iliyolowa ni kioo, na ya mikaratusi iliyobambuka gome ndiyo mibaya kuliko yote. Ivuke kwa kuielekea moja kwa moja, kama herufi T, bila breki na bila kukanyaga pedeli wakati gurudumu liko juu yake. Mzizi unaolala sambamba na njia usiupande kabisa. Madaraja ya mbao vivyo hivyo: nyooka, usiguse chochote, na kama mbao zimelazwa kwa urefu na kuna nafasi kati yake, shuka.

Dimbwi usilolijua kina chake usiliingie kwa kasi. Mwangalie aliyetangulia alizama hadi wapi. Na ukirudi kwenye lami mwishoni usilegee: mvua ya kwanza inainua mafuta ya malori, na kona za kuelekea Soni hazina huruma hata kwa mwenye gari.

Hatua ya nane: mito na radi

Mto uliokuwa wa kuruka asubuhi unaweza kuwa mwingine mchana, na mvua iliyoujaza huenda ilinyesha mlima wa pili wakati kwenu kuna jua. Maji ya kasi yakifika gotini, hamvuki. Yakiwa rangi ya chai ya maziwa na yanabeba matawi, hamvuki hata kama ni ya kifundoni, kwa sababu yanaongezeka. Panapovukika, fungua mkanda wa kiunoni wa begi, elekeza uso kule maji yanakotoka, na baiskeli iwe upande maji yanakoelekea. Ikiwa upande wa juu, mkondo utaisukuma ikupige miguu.

Radi: hesabu kutoka mwanga hadi mngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30, ondokeni ukingoni mwa mlima, hasa ile migongo iliyo wazi ya upande wa Mtae, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, mwachane mita kadhaa. Nyumba au gari lililofungwa ndiyo sehemu nzuri. Kaeni dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho.

Hatua ya tisa: baridi

Watu wa pwani wananicheka nikitaja baridi. Joto hushuka karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, msitu wa Magamba unapita 2,000. Mtu aliyetoka Tanga na fulana moja, amelowa, amesimama dakika arobaini akisubiri pancha ya mwenzake, upepo unampiga: huyo anaweza kupoozwa na baridi akiwa nchi ya joto.

Mkia huangalia mikono. Anayeshindwa kufungua zipu yake mwenyewe ameshaanza. Kutetemeka bado ni dalili nzuri, mwili unapigana. Aliyekuwa analalamika akanyamaza, anajikwaa maneno, anasema yuko sawa na hana haja ya jaketi, huyo ndiye mgonjwa. Msimwache aendeshe. Mpelekeni kwenye baraza lolote, mvueni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, kofia kichwani, watu wawili wamkalie karibu. Chai ya tangawizi yenye sukari nyingi kama anaweza kumeza. Pombe hapana, inatoa joto nje hata kama anahisi limeingia.

Ndiyo maana saa ya kugeuza haijadiliwi. Sisi huweka saa 8 mchana. Jua linazama saa 12 na nusu hivi, lakini chini ya miti na ukungu giza linawahi kwa saa nzima.

Hatua ya kumi: mdomo na vidonda

Julai 2008, kwenye mashindano ya baiskeli za milimani ya Builth Wells, Wales, mvua iligeuza malisho ya kondoo kuwa tope, na washiriki zaidi ya 100 wakaugua tumbo. Wachunguzi wa afya walimkuta bakteria wa Campylobacter, na kidole kikaelekezwa kwenye tope lenye kinyesi lililorukia nyuso na chupa. Njia zetu zinapitwa na ng'ombe na mbuzi kila siku. Chupa iwe na kifuniko cha mdomo, au ikae mfukoni. Uifute kabla ya kunywa, na unawe mikono kabla ya kumenya yai. Aliyechunika asafishwe kwa maji safi na sabuni pale pale, kisha aulize zahanati kuhusu sindano ya pepopunda kama hakumbuki alichomwa lini.

Hatua ya kumi na moja: jioni hiyo hiyo

Usilale kabla hujaiosha. Kijana wa kuosha magari atakukaribisha na mashine yake ya maji ya kasi. Mshukuru, omba ndoo. Maji ya kasi yanapita kwenye sili za habu, kile kitovu cha gurudumu, na za pedeli, yanasukuma mchanga ndani na grisi nje, na baada ya mwezi beringi zinaanza kusaga. Ndoo mbili, brashi laini, anza juu ushuke, cheni mwisho. Kausha cheni kwa kitambaa, itie oili usiku huo, kwa sababu kutu hapa linaanza kabla ya asubuhi. Igeuze baiskeli juu chini maji yaliyoingia kwenye bomba la siti yatoke.

Viatu vijaze magazeti, ubadilishe kila baada ya saa mbili, mbali na jiko la mkaa linalokausha gundi. Kisha toa pedi za breki, ziweke kwenye mwanga. Nyama yake ikiwa nyembamba kuliko sarafu, nunua nyingine, uzifunge na kuzizoesha kabla kiongozi hajaandika tena "Ipo."